Pairaiti ya Kilembe: ndani jiwe lingine, juu jiwe lingine

Sisi wa Kasese, magharibi mwa Uganda, tumezoea kusikia mgodi wa Kilembe ni shaba na kobalti, basi. Shaba ilichimbwa kuanzia 1956 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80, pairaiti (jiwe la chuma na salfa) yenye kobalti ikarundikwa huku mjini, ikaja kuchakatwa kwa bakteria kuanzia 1999. Lakini jamani, hiyo pairaiti ni semikondakta, yaani kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi! Iko familia moja na silikoni ya kwenye sola.

Na siyo ya kubeza. Pengo lake la nishati, yaani nguvu inayohitajika kuing'oa elektroni ili itembee, ni kama elektroni-volti 0.95, silikoni 1.1, halafu inafyonza mwanga kwa nguvu sana, utando mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana unatosha kabisa. Ni chuma na salfa tu, vitu vya bei ndogo. Sasa mbona hakuna sola za pairaiti madukani?

Shida iko juu ya jiwe. Ndani ya fuwele kila atomu ya chuma imezungukwa na salfa sita, ukifika juu pale jiwe lilipokatikia zinabaki tano, na mara nyingi kuna salfa zingine zimeshatoroka, basi zinatokea nafasi za elektroni katikati ya lile pengo, elektroni zinanaswa humo na umeme ambao mwanga umeshauzalisha unapotea kabla haujafika kwenye waya. Ndiyo maana volteji inapata shida hata kufika 0.2 na ufanisi umekwama chini ya asilimia 3.

Kobalti ikiingia ndani, pairaiti inakuwa aina ya n (umeme unabebwa na elektroni), arseniki inaivuta kwenda p (unabebwa na nafasi zilizoachwa na elektroni). Ila jiwe ambalo ndani ni n kabisa, tabaka lake la juu linaweza kugeuka p, kwa hiyo mtu akipima juu juu anaandika jibu ambalo siyo la jiwe zima.

Hata ile asidi ya rundo la pairaiti iliyounguza mimea upande wa hifadhi ya Queen Elizabeth imetoka huko huko juu ya jiwe. Oksijeni inachukua elektroni sehemu moja ya jiwe, salfa inazipoteza sehemu nyingine, na zinasafiri kupitia jiwe lenyewe kwa sababu linapitisha umeme. Ukibadilisha kilichoko juu, unabadilisha na kasi ya kuoza.

Natamani sana wanafunzi wa fizikia wa Makerere na Mbarara wapime vipande vya Kilembe vyenyewe, kimoja kilichovunjwa leo na kingine kilichonyeshewa miaka, waviweke pamoja mezani.