Kutoka siki hadi kipimo cha kirusi

Mama mdogo, anayebangua korosho hapa Mtwara, aliniuliza kwa nini yeye, alipopimwa saratani ya mlango wa kizazi, alipakwa siki hapo, ilhali mimi namsimulia habari za kipimo cha kijiti cha pamba. Nilimweleza kwamba siki hufanya sehemu iliyokwisha kubadilika iwe nyeupe, wakati kipimo kipya hutafuta kirusi chenyewe cha HPV, ambacho huweza kukaa miaka mingi kabla ya kuleta saratani. Ndiyo maana mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikipendekeza kuanzia umri wa miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na VVU. Kilichomfurahisha, wala sikushangaa, ni kujichukulia sampuli mwenyewe nyuma ya pazia.

“Wakikikuta kirusi hicho, basi nina saratani?”

Hapana, mama, watakuchunguza zaidi, kwani mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe.