Meno yaliyopandana si suala la urembo tu

Meno yangu ya mbele ya chini yamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Watu huniambia "kaweke vyuma upendeze." Jamani, shida yangu ni fizi!

Pale yanapopandana mswaki haufiki. Utando wa bakteria unabaki, unashika madini ya mate na kuwa mgumu, ndiyo ugaga, fizi zinavimba, ukitema unaona damu. Daktari wa meno alinieleza kuwa ugaga hautoki kwa mswaki hata usugue vipi, lazima ukwanguliwe kliniki, na kusugua kwa nguvu kunaumiza fizi zaidi. Akanionyesha vibrashi vyembamba vya kupitisha kati ya meno. Damu imepungua sana.

Kilichonishtua ni swali lake: "Kwenu kuna kisukari?" Kipo, mama anacho. Kumbe haya maradhi mawili yanachocheana. Sukari ikiwa juu fizi hushambuliwa kirahisi, na fizi zikiugua muda mrefu sukari nayo inakuwa ngumu kuidhibiti. Mama nilimpeleka wiki iliyofuata, alikuwa hajawahi kuangaliwa fizi.

Vyuma nimeulizia, bei yake inauma kuliko jino. Ila mwanangu ataangaliwa akifika miaka 7, taya likiwa bado linakua na magego ya kwanza ya ukubwani yameshaota. Mwanya wake tu wasiuguse, huo ni wa bibi yake.

Anayejua kliniki ya vyuma inayokubali kulipa kidogo kidogo, Dar, aniandikie hapo chini.