Vumbi lisiue mashine ya oksijeni wodini
Kwenye hospitali za vijijini, adui mkubwa wa mashine ya kuzalisha oksijeni ni vumbi. Kila wiki chomoa chujio la nje, lioshe kwa maji na sabuni, likauke kabisa ndipo ulirudishe. Likirudishwa na maji, unyevu huingia ndani na kuharibu madini yanayonasa naitrojeni ya hewani ili oksijeni ibaki. Mashine ikae angalau sentimita 30 kutoka ukutani ipate hewa, na umeme upitie stabilaiza, kifaa cha kusawazisha nguvu ya umeme. Usafi wa oksijeni ukishuka chini ya asilimia 82, fundi aitwe siku hiyohiyo.

Mtungi wa oksijeni uliojaa usikose pembeni! Umeme ukikatika, mtoto mwenye nimonia hawezi kusubiri jenereta. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni ya damu kikisoma chini ya asilimia 90, awekewe oksijeni palepale, kadi iandikwe baadaye.