Mfumo wa ujumbe kwa timu iliyotawanyika

Timu yetu hutafsiri programu huria (zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha) kwa Kiswahili, na wanachama wake wako Dar es Salaam, Mombasa na Bukavu. Kundi la WhatsApp ndilo lililokuwa karibu zaidi, kwa kuwa kila mmoja anayo programu hiyo katika simu yake, lakini sikubali kwamba linatosha kuendeshea mradi. Mjadala wa istilahi, ratiba ya kikao na pole kwa mwenzetu aliyefiwa hupita humo kwa mfululizo mmoja, na aliyekatikiwa umeme mchana kutwa hurudi akakuta ujumbe mwingi asijue lipi limekwisha kuamuliwa.

Katika kuchagua mfumo mwingine nilimfikiria kwanza huyo aliyekosekana. IRC (mfumo wa kuandikiana papo kwa papo mtandaoni), aliyoiunda Jarkko Oikarinen huko Oulu, Ufini, mwaka 1988, imehudumia miradi huria kwa miongo kadhaa, ila kwa desturi seva zake, yaani kompyuta zinazopitisha ujumbe, hazimtunzii ujumbe asiyekuwapo. Slack, programu ya ujumbe ya kibiashara, hutunza, lakini mwaka 2022 iliweka utaratibu wa kumwonyesha asiyelipa ujumbe wa siku 90 tu, ilhali sisi hulazimika kurejea mijadala ya mwaka juzi ili kujua kwa nini tulikubaliana istilahi fulani.

Tulichagua Zulip, ambayo nayo ni programu huria, tukaiweka kwenye seva ndogo inayotumia mfumo endeshi wa Debian, yenye kumbukumbu ya GB 2. Humo kila ujumbe huingia katika chaneli, kisha chini ya mada yenye jina, hivyo mjadala wa istilahi moja hukaa pamoja hata ukiendelea kwa wiki kadhaa. Nilishauri chaneli ziwe chache: istilahi, hitilafu, uendeshaji, na moja ya salamu, kwa maana hatuanzi kazi bila kujuliana hali, na salamu zisipopewa mahali pake zitajaa katika chaneli za kazi. Uamuzi wowote huandikwa katika orodha yetu ya istilahi, pamoja na kiungo cha mada ulikofikiwa.

Mwaka 2021, Freenode, mtandao mkubwa wa IRC, ulipoingia katika mgogoro wa umiliki, miradi mingi, ikiwemo ya Wikimedia, ilihamia Libera Chat. Kwa sababu hiyo nilisisitiza nywila za msimamizi ziwe mikononi mwa watu wawili walio katika nchi tofauti, na nakala rudufu ihifadhiwe kila wiki nje ya seva hiyo. Kundi la WhatsApp tumelibakiza kwa taarifa za dharura, hasa seva inapozimika.