Siku mbaya ni ile vyote vilipowaka

Mwaka 2005 nilikuwa fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja Dar es Salaam. Mashine zote mitumba, kadi za mtandao za jamii ya NE2000 za ISA (aina ya zamani ya nafasi za kuchomekea kadi), na juu yake mfumo endeshi wa Linux, toleo la 2.6. Iliyotutesa ni ile yenye printa. Siku nyingine mtandao ulikataa kuwaka, siku nyingine printa haikuonekana, na siku mbaya kuliko zote vyote viwili viliwaka: mtu akichapa ukurasa, mtandao unakatika.

Mwenzangu alishaihukumu kadi kuwa imekufa. Nikafungua /proc/ioports, faili la Linux kunakoandikwa nani ameshika poti zipi, yaani anwani ambazo kompyuta huzungumzia na vifaa vyake, zikiandikwa kwa namba za msingi wa 16. Poti 0378 hadi 037a zilikuwa za parport0, yaani printa. Kadi haikuandikwa popote, na bado ilikuwa inajibu ping, yaani kipimo cha kama mtandao unafika! Jampa zake, vifuniko vidogo vya pini vinavyochagua anwani ya kadi, zilikuwa kwenye 0x360 (hiyo 0x ni alama tu ya msingi wa 16), na NE2000 hula poti 32, kwa hiyo inafika 0x37f. Printa imo ndani ya eneo lake. Tena poti zake nane za mwisho, kuanzia 0x378, ndizo za kuianzisha upya. Kuisoma mojawapo kunatosha. Kila mara kompyuta ilipouliza hali ya printa kwenye 0x379, kadi ilianza moja.

Draiva, programu inayoiendesha kadi, ilitoka kwenye disketi ya kadi, ikapita mikono mingi. Iliita check_region, yaani kuuliza kama poti ziko wazi, ikasubiri kadi iamke, ikaomba kumbukumbu, na mwishoni kabisa ndipo ikaita request_region, yaani kuzishika poti zenyewe, bila hata kutazama jibu. Katika 2.6 hiyo check_region yenyewe huzishika poti kisha huziachia papo hapo, kwa hiyo jibu lake limechacha kabla hujalipokea. Ni kumuuliza konda kama siti ipo, halafu uende kununua maji. Wajuao hurusha leso dirishani. Na kuna mtu alikuwa ameweka alama ya & kwenye skripti ya kuwashia, ili moduli, yaani draiva zinazopakiwa ndani ya Linux, zipakiwe kwa pamoja mashine iwahi kuamka; ndiyo maana aliyewahi poti alibadilika siku hadi siku.

"Hamisha jampa tu, kaka, tukale," mwenzangu akasema. Jampa ingeiponya mashine moja. Draiva ile ilikuwa kwenye mashine zote.

Nikafuta check_region. Nikaweka request_region mwanzo kabisa, kabla ya kuigusa kadi. Ikirudisha NULL, yaani jibu tupu, toka na -EBUSY, kosa la "kuna anayezitumia". Kilichonichosha ni njia za kutokea: kumbukumbu ikikosekana, au kadi isipojibu, lazima release_region, ya kuziachia poti, iitwe, la sivyo poti zinabaki zimeshikwa na moduli ambayo haipo tena. Nikazipanga kwa goto, amri ya kuruka hadi sehemu nyingine ya programu, cha mwisho kuchukuliwa kikitangulia kurudishwa.

Tulipowasha, printa iliwahi na draiva ikakataa kupakiwa.

"Sasa umeiharibu kabisa," mwenzangu akasema.

Nikamwonyesha ujumbe wa kukataa, nikazima, nikafungua boksi na kuhamishia jampa 0x300. Safari hii /proc/ioports ilikuwa na 0300-031f ya kadi na 0378-037a ya printa, naye akaenda kuchapa orodha ya wanafunzi aliyokuwa akidaiwa tangu asubuhi.