Tulivyoenda Amboni kunusa salfa

Jumamosi nilikuwa Tanga kwa mama mkubwa, Ngamiani, nimefuatana na jamaa yangu wa Goma ambaye kazi yake ni kupima gesi za volkano, basi nikamwambia kaka huondoki hapa bila kuona maji ya salfa ya Amboni. Tukaazima baiskeli mbili tukashika barabara ya Horohoro, kilomita nane hivi, jua bado halijachachamaa.

Chemchemi ya Galanos unaisikia puani kabla hujaiona. Mayai viza kabisa. Nilikuwa na pete ya fedha aliyoniachia bibi, nikatumbukiza mkono kwenye maji ya moto tukawa tunapiga stori, kuutoa naona pete imefifia, imekuwa kahawia inayoelekea weusi. Jamaa akaigeuzageuza kidoleni kwangu, akasema hiyo ni haidrojeni salfaidi, pete yako imeshapima tayari.

Amboni si volkano jamani, ni mawe ya chokaa, na mapango yale ni chokaa hiyohiyo. Ila ile harufu ikamfungua mdomo. Akasema ya kuogopa zaidi ni gesi isiyonuka. Kwao kuna mazuku, yani kabonidayoksaidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inatuama kwenye vibonde na mbuzi au mtoto akishuka humo asubuhi upepo ukiwa umelala anaweza asipande tena. Neno ni la kwao na wataalamu wa nje nao wanaandika mazuku hivohivo. Gesi hiyohiyo ndo ilitoka ziwa Nyos kule Kameruni mwaka 1986 ikaua watu zaidi ya 1,700 usiku mmoja.

Nikamuuliza sasa si mnapima gesi mara moja mnajua kama mlima utalipuka? Hapana. Kifaa chao kinatazama mwanga wa angani kupitia moshi wa volkano, dayoksaidi ya salfa, gesi iliyomo kwenye moshi huo, inameza sehemu ya urujuanimno, yani mwanga wa jua usioonekana kwa macho, wakizidisha na kasi ya upepo wanapata tani kwa siku. Sasa tani 3,000 ni nyingi au kidogo? Huwezi kujua kama hujui kawaida ya mlima wenyewe, na kawaida haipatikani kwa wiki mbili. Kilauea kule Hawaii wanaipima tangu 1979. Pinatubo kule Ufilipino mwaka 1991 ilitoka tani 500 hivi kwa siku katikati ya Mei ikapita 5,000 mwisho wa mwezi, af ikaporomoka ghafla, na asiyejua angeshangilia kwamba mlima umepoa kumbe njia ya gesi imeziba, Juni 15 ukalipuka vibaya sana. Nikaufikiria Lengai wetu uliolipuka 2007, nikatamani kwa moyo wote nao uwe na daftari refu namna hiyo.

Pembeni alikuwepo mzee mmoja ananawa miguu. Tukamwamkia shikamoo, akasema marahaba wanangu, mi nakuja hapa tangu kijana, masika harufu inapungua, kiangazi ikikolea ndo inapanda mpaka kule njiani.

Jamaa akaacha kufungua baiskeli. Akatoa kalamu, akachuchumaa karibu yake, "Mzee, na mwaka jana ilianza kupanda mwezi gani?"