Daftari la oda lilivyonionyesha vichochezi vya kipandauso changu

Nikianza kupiga miayo mchana wakati sina usingizi, shingo ikakaza na nikapata hamu kali ya kitu kitamu, najua kichwa kiko njiani. Imenichukua miaka mingi kujua hilo, na ndiyo maana naandika, kwa sababu najua wako wanaoteseka na kipandauso huku wakiambiwa ni malaria.

Mimi ni fundi cherehani, Dar es Salaam. Maumivu yangu hukaa upande mmoja, mara nyingi wa kulia nyuma ya jicho, yanadunda kwa kufuata mapigo ya moyo. Nikiinama kuokota kipande cha kitambaa yanazidi. Taa ya cherehani inachoma macho, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa kwa jirani inanitapisha. Kuna wakati kabla kichwa hakijaanza naona doa linalometameta katikati ya kitambaa, kingo zake zimechongoka, linatanuka taratibu mpaka tundu la sindano silioni kabisa. Baada ya nusu saa hivi doa linaondoka, kichwa kinapokea.

Kwetu kichwa kikiuma, jibu la kwanza ni malaria. Mama alikuwa akiniambia, "Mwanangu, hiyo imekaa mwilini, nenda kapime." Napima, hakuna kitu. Wengine wakasema presha, wengine jini. Nikapima macho nikapewa miwani, na miwani imenisaidia kweli kushona uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, lakini kichwa kilibaki palepale.

Aliyenifungua macho ni daktari mmoja aliyenisikiliza bila haraka. Alinipima presha, akaniangalia macho, akanigonga magoti kwa kinyundo, akauliza kama kuna mwingine kwenye ukoo mwenye vichwa vya namna hii. Yupo, mama mdogo. Akanieleza kwamba kipandauso hakionekani kwenye damu, kinatambulika kwa maelezo ya mgonjwa: maumivu ya muda wa saa 4 hadi 72 yasipotibiwa, kudunda, kichefuchefu, kukerwa na mwanga na kelele. Alinitajia pia vichwa visivyo vya kusubiri nyumbani hata kidogo: kinachopasuka ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuuona, chenye homa na shingo ngumu, au chenye kupooza mkono au kushindwa kuongea. Hivyo ni hospitali saa hiyohiyo. Kisha akasema, "Dada, uwe unaandika."

Sikununua daftari jingine. Nilitumia la oda, lile la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, nyonga, urefu, tarehe ya kuchukua. Pembeni nikawa naandika K siku ya kichwa, saa kilipoanza, nimekula nini na saa ngapi, nimelala saa ngapi, siku za hedhi, na dawa niliyomeza. Nashukuru nilichagua daftari hilo, maana K zangu zilikaa jirani na tarehe za kazi, na hapo ndipo picha ilipoonekana.

Kwa miaka nilikuwa nimejinyima udi, machungwa na halua. Udi na machungwa havikuwa na uhusiano wowote na K. Halua ilikuwepo kweli, lakini jioni ya kuamkia kichwa, pamoja na ile miayo. Daktari alinifafanulia kwamba shambulio huanza ndani ya ubongo saa kadhaa, hata siku mbili, kabla ya maumivu, na hamu ya kitamu inaweza kuwa ni sehemu ya shambulio lenyewe. Halua nilikuwa naitafuta kwa sababu kichwa kilikuwa kimeshaanza.

Vichochezi vyenyewe vilikuwa vya kawaida mno: kushinda njaa hadi mchana, kulala usiku wa manane, na siku zinazotangulia hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka. Kilichonishangaza ni Idi. Wiki za kukesha na nguo za watu nilikuwa navuka salama, kisha asubuhi ya sikukuu, wateja wameshachukua nguo zao na mimi nimetulia, ndipo kichwa kinanilaza. Msongo ukishuka ghafla nao ni kichochezi.

Na kimoja peke yake mara nyingi hakinifanyi kitu. Ni kama uzi kwenye mashine: ukikazwa kidogo unavumilia, kitambaa kikiwa kizito unavumilia, vikikutana unakatika. Hedhi siwezi kuizuia, kwa hiyo siku zile nalinda usingizi na chakula kuliko siku nyingine zote.

Sasa siketi kwenye mashine kabla ya uji na kitafunwa. Naamka saa ileile hata Jumapili. Oda za Idi nazifunga katikati ya Ramadhani, na hilo lilileta maneno. "Fundi, hata mimi mteja wako wa miaka yote?" Hata wewe, dada yangu, nisamehe. Kahawa naanza kuipunguza Shaabani, mwezi kabla ya mfungo, kikombe kwa kikombe, kwa sababu kuikata siku moja kunaleta kichwa chake. Daku siiachi. Kichwa kikipanda kabisa nafungua, nitalipa baadaye. Mgonjwa ana ruhusa.

Kuhusu dawa, daftari lilinionyesha jambo la kutisha kidogo: nilikuwa nameza za maumivu karibu kila siku. Dawa za kawaida kama Panadol zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, zenyewe hugeuka kuwa chanzo cha kichwa. Zenye kodeini au zilizochanganywa, mpaka wake ni siku 10. Kuziacha kulikuwa kugumu, kichwa kiliuma zaidi kabla ya kutulia. Daktari akanianzishia propranolol, dawa ya kuzuia kichwa kisije, ya kumeza kila siku, baada ya kuhakikisha sina pumu, akanionya kwamba matokeo huchukua wiki kadhaa. Siku ya kichwa nameza brufen mapema, nikiwa nimekula, maana nikingoja kiwake haisaidii sana.

Wanawake wenzangu mnaoona vile vimulimuli kabla ya kichwa: mwambieni muuguzi kabla hajawapa vidonge vya majira vyenye estrojeni. Vikikutana na kipandauso cha namna hiyo, hatari ya kiharusi inaongezeka. Mimi nilibadilishiwa njia, na sikuwa nimewahi kuulizwa.

Vichwa bado vinakuja, ila vimepungua sana na haviniangushi siku nzima kama zamani. K naendelea kuziandika. Mteja akija na nguo za harusi, kabla sijataja bei nafungua daftari niangalie tarehe ya harusi iko karibu na siku gani zangu, na zikigongana namwelekeza kwa fundi mwenzangu wa mtaa wa pili.